Je, ramani ya setilaiti inatosha kutuambia kama maji ya bwawa letu ni salama?

Swali la msomaji:

"Mimi ni katibu wa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Tuna kisima kirefu ambacho maji yake yana chumvichumvi, na tuna bwawa la tuta la udongo lenye upana wa kama mita 200 na urefu wa mita 600, ambalo wengi wanalipenda kwa sababu maji yake hayana chumvi. Hivi karibuni kijana wetu aliyemaliza chuo ametuonyesha kwenye simu ramani ya setilaiti ya bwawa hilo, yenye rangi za kijani, njano na nyekundu. Anasema siku hizi setilaiti na kompyuta kubwa zinapima ubora wa maji bila mtu kuyagusa. Bwawa letu limeonekana kijani karibu lote. Wajumbe wengine wanataka tuache kulipia vipimo vya maabara na fedha hizo tununulie mabomba. Wengine wanasema setilaiti ni mambo ya wazungu, haiwezi kuyajua maji ya Ugogoni. Mimi nimebaki katikati. Tumsikilize nani?"

Jibu:

Ndugu Katibu, nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili yaliyovaa kanzu moja. La kwanza ni kama setilaiti inaweza kupima ubora wa maji. Jibu ni ndiyo, kwa mambo machache, na kwa bwawa la ukubwa wa hilo lenu inaweza kwa kubanwabanwa. La pili ni kama ramani ile inaweza kuchukua nafasi ya chupa ya sampuli inayopelekwa maabara. Jibu ni hapana, na katika hilo sitazunguka. Msifute vipimo vya maabara. Hata hivyo, msimfukuze yule kijana, kwa sababu alicholeta kina thamani ambayo yeye mwenyewe pengine bado hajaiona.

Nianze na ile rangi ya kijani, kwa kuwa ndiyo iliyowagawa wajumbe. Kijani cha kwenye ramani si rangi ya maji yenu, wala si cheti cha usalama. Kinacholetwa na setilaiti ni namba zinazoeleza ni kiasi gani cha mwanga kimerudi juu kutoka kila kipande cha uso wa bwawa. Programu huzichukua namba hizo na kuzipitisha katika kanuni fulani ili kupata kadirio la kitu kimoja, mara nyingi tope au mwani, kisha mtengenezaji wa programu huamua kwamba kuanzia hapa hadi hapa papakwe kijani, na zaidi ya hapo papakwe nyekundu. Mtengenezaji mwingine akiweka mipaka mingine, bwawa lenu litageuka jekundu jioni hiyohiyo bila tone moja la maji kubadilika. Kwa hiyo, kabla ya kujadili kama ramani ni nzuri au mbaya, muulizeni kijana inaonyesha kitu gani, kwa kipimo gani, na picha yenyewe ni ya tarehe ngapi. Akikosa majibu msimlaumu, kwa maana programu nyingi za simu hazisemi. Lakini ramani isiyo na majibu hayo haistahili kuingia katika kumbukumbu za kikao.

Sasa tuone namna jicho hili linavyofanya kazi. Mwanga wa jua tunaouona mweupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi, na maji huzichukua rangi hizo kwa namna tofauti. Maji safi yenye kina humeza mwanga mwekundu na ule wa infraredi tusiouona kwa macho, hivyo ukiyatazama kutoka angani yanaonekana meusi. Chembe za udongo zikielea ndani yake, mwanga mwekundu unagonga chembe hizo na kurudishwa juu kabla haujamezwa, na ndiyo maana korongo likitiririka baada ya mvua za kwanza za Desemba linakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mwani una klorofili, ile rangi ya kijani ya majani yote, ambayo humeza mwanga wa bluu na mwekundu wa karibu nanomita 665 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), kisha mwanga mwingi zaidi hurudi karibu na nanomita 705, yaani pale wekundu unapokaribia kuwa infraredi. Setilaiti ikipima mwanga katika sehemu hizo mbili, uwiano wake unatuambia kwa makadirio mwani ni mwingi kiasi gani, na njia hiyo inafaa hata katika maji yenye tope, mahali ambapo zile kanuni za zamani zilizotungwa kwa ajili ya bahari, zenye kulinganisha bluu na kijani, hushindwa kabisa.

Kwa hiyo setilaiti inaona vitu vinavyobadilisha rangi au mwangaza wa maji: tope, mwani, na ule weusi wa majani yaliyooza unaofanya maji yafanane na chai ya rangi. Inapima pia joto la uso wa maji kwa vifaa vya aina nyingine, na inaona eneo ambalo maji yamefunika. Orodha inakaribia kuishia hapo.

Kimelea cha kuhara hakina rangi ambayo setilaiti inaweza kuitambua. Floraidi haina rangi, nitrati haina rangi, na dawa nyingi za kuulia wadudu mashambani, kwa viwango vinavyoweza kumdhuru mtu, hazibadilishi rangi ya maji hata kidogo. Bwawa linaweza kuwa maangavu kama kioo, likapata kijani kizuri kwenye ramani, na bado kikombe chake kimoja kikawa na vimelea vya kumlaza mtoto wiki nzima. Mwaka wa ukame, ambapo maji yametulia na tope limezama, na mifugo yote ya kijiji inanywa na kujisaidia kwenye kingo zilezile, ndio mwaka ambao ramani ya tope itapendeza kuliko kawaida. Utakutana na watu wanaodai kwamba akili mnemba inaweza kukisia hata nitrojeni na fosforasi kutoka angani. Yapo majaribio ya namna hiyo, lakini yanategemea mambo hayo kuandamana na tope au mwani mahali palepale yalipofanyiwa majaribio. Ni sawa na kumhukumu mtu kwa kuwatazama marafiki zake: mara nyingine unapatia, lakini hakimu hawezi kuandika hukumu kwa ushahidi huo.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba setilaiti hizi hazikai juu ya Chamwino zikitukodolea macho mchana na usiku. Zinazotumika zaidi kwa mabwawa madogo ni za familia ya Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, ambayo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015. Zinaruka kwenye kimo cha kilomita 786 na zikiwa mbili hupita juu ya eneo lilelile kila baada ya siku tano, kwetu mnamo saa tano hivi asubuhi. Zipo pia Landsat 8 na Landsat 9 za Marekani ambazo kwa pamoja hupita kila baada ya siku nane. Kama siku ya zamu kuna mawingu, mmeikosa picha, na mtasubiri zamu nyingine. Huku kwetu mvua zote zinabanwa kati ya Desemba na Aprili, na ndicho kipindi ambacho makorongo yanabeba kinyesi na udongo kuelekea bwawani. Wakati mnaouhitaji zaidi ndio wakati ambao jicho limefumbwa. Setilaiti za rada hupenya mawingu, lakini rada inatuonyesha mipaka ya maji tu, haituambii yamechafuka namna gani.

Halafu kuna suala la ukubwa, na hapa hesabu ya darasa la nne inatosha. Picha ya Sentinel-2 imeundwa kwa vipande viitwavyo pikseli. Katika rangi za kawaida pikseli moja ina upande wa mita 10, lakini katika ule mkanda, yaani sehemu ya mwanga, wa nanomita 705 unaohitajika kwa mwani upande ni mita 20. Bwawa lenu lenye upana wa mita 200 linapata pikseli kumi za namna hiyo. Zile za ukingoni zimechanganya maji, matope na majani, kwa hiyo ni busara kutupa mbili kila upande, na mnabaki na sita. Hizo zinatosha kwa kazi ya uangalifu. Lakini ikifika Oktoba na bwawa likasinyaa hadi mita 80, pikseli ni nne, na ukitupa mbili kila upande hakuna kilichobaki. Kama ramani ya kijana bado inapaka rangi mwezi huo, inapaka rangi ya matope. Setilaiti za Sentinel-3, zenye mikanda mingi zaidi, ukiwamo wa nanomita 620 unaosaidia kuwatambua sayanobakteria (bakteria wanaofanana na mwani), zina pikseli za mita 300. Zinafaa Ziwa Victoria, na zinafaa bwawa la Mtera linapojaa. Bwawa lenu lote kwa upana halijazi hata pikseli moja.

Jambo linalotusumbua zaidi sisi wa fani hii ni hewa. Maji hurudisha mwanga kidogo sana, na juu ya maji hata asilimia 90 ya mwanga unaoifikia setilaiti unaweza kuwa umetoka hewani, bila kugusa bwawa kabisa. Inatubidi tukokotoe mchango wa hewa na kuuondoa, na kosa dogo katika hesabu hiyo linageuka kosa kubwa katika kilichobaki. Fikirieni vumbi la Dodoma la Agosti na Septemba, moshi wa mashamba yanayochomwa, na ardhi nyeupe iliyokauka kuzunguka bwawa inayotupa mwanga wake hadi ndani ya pikseli za maji. Programu ya simu isiyoeleza imeondoaje hayo yote inawaonyesha hali ya hewa na kuiita ubora wa maji.

Nami sijasalimika. Miaka kadhaa iliyopita nilichora ramani ya bwawa moja la mkoani na kuandika katika ripoti kwamba upande wake wa juu una mwani mwingi kupita kiasi, hata nikapendekeza mifugo izuiwe. Nilipofika nikakuta ng'ombe wamesimama kwenye maji yanayofika magotini, wakila nyasi zilizoota chini na kuchomoza juu. Kanuni yangu ilikuwa imehesabu klorofili ya malisho. Mzee mmoja mchungaji aliniuliza kwa upole kama setilaiti yangu inawajua ng'ombe. Tangu siku hiyo sisaini ramani ya bwawa ambalo sijalikanyaga.

Sasa niwageukie wale wajumbe waliosema kwamba setilaiti haiwezi kuyajua maji ya Ugogoni. Kwa upande mmoja wamekosea, maana setilaiti haichagui nchi. Kwa upande mwingine wamegusa mahali penye ukweli kuliko walivyodhani. Kanuni zinazotafsiri mwanga kuwa tope au mwani hufundishwa kwa mifano: mtu amechota maji, ameyapima maabara, na siku hiyohiyo setilaiti imepita. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha mkusanyo uitwao AquaSat wenye zaidi ya jozi 600,000 za namna hiyo, kipimo cha chini na picha ya juu, kutoka mito na maziwa ya nchi yao. Huo ndio utajiri unaoitwa data kubwa, na angalieni umesimama juu ya nini: umesimama juu ya watu waliochota maji kwa chupa miaka na miaka. Sisi wa mikoa ya kati hatuna jozi za kutosha. Kompyuta iliyosomea maziwa ya baridi na maangavu, ikiletewa maji mekundu ya bwawa la Chamwino, itatoa jibu bila kusita, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Mkiacha kupima maabara, mnakausha chanzo pekee ambacho kingeifundisha setilaiti kuyasoma maji yenu.

Ipo faida moja kubwa ambayo nyote mmeipita, na mimi ningeiweka mbele kuliko ile ramani ya leo. Ni kumbukumbu. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 picha zote za familia hiyo zinapatikana bure. Zamani mtu alihitaji kompyuta ya gharama na wiki kadhaa za kupakua picha. Leo picha zimehifadhiwa kwenye hifadhi kubwa, kama vile Google Earth Engine iliyoanzishwa mwaka 2010, na badala ya picha kuja kwako, wewe unapeleka swali lako huko na kurudishiwa jibu. Kwa njia hiyo watafiti wa Ulaya walipitia picha milioni 3 za Landsat na mwaka 2016 wakachapisha ramani ya maji yote ya juu ya ardhi duniani, mwezi kwa mwezi, kuanzia 1984 hadi 2015. Mabwawa mengi madogo yamo humo pia, kwa kadiri pikseli za mita 30 zinavyoruhusu.

Kwa Dodoma hilo si jambo la kujifurahisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wakiongozwa na Anders Rapp wa Sweden walipima namna mabwawa ya huku, yakiwamo Ikowa, Matumbulu na Msalato, yalivyokuwa yakijazwa na udongo kutoka kwenye vilima vilivyovuliwa miti, na mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule ambao wazee wanaukumbuka kwa jina la HADO. Tatizo la mabwawa yetu limekuwa udongo kwa miaka zaidi ya hamsini, na udongo ndicho kitu ambacho setilaiti inakiona vizuri kuliko vyote. Kijana wenu anaweza kuwaandalia, bila kununua chochote zaidi ya bando la intaneti, historia ya bwawa lenu: mwaka gani lilikauka na mwezi gani, baada ya mvua tope hukaa wiki ngapi kabla ya kuzama, na ule ulimi wa mchanga kwenye mdomo wa korongo umesogea kiasi gani. Historia hiyo mkiipeleka kwa mhandisi wa wilaya wa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) au kwa Bodi ya Maji ya Bonde lenu, mtakuwa na hoja ya kuomba bwawa lifukuliwe au kingo zake zihifadhiwe, na hoja yenye picha za miaka mingi ni nzito kuliko barua peke yake.

Kuhusu kisima, nitasema kwa ufupi. Setilaiti haioni maji yaliyo chini ya ardhi. Zipo zilizorushwa tangu mwaka 2002 ambazo hupima mvutano wa dunia na kukisia kama akiba ya maji ya eneo kubwa, la ukubwa wa mikoa kadhaa kwa pamoja, imeongezeka au imepungua, lakini juu ya ubora hazisemi neno. Ladha ya chumvi nayo haitoshi kukihukumu kisima. Kinachohofiwa zaidi katika visima vya mikoa ya kati ni floraidi, ambayo haina ladha wala harufu, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, kunaiongeza, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Inawezekana kisima chenu chenye chumvichumvi ni salama kuliko bwawa mnalolipenda, na inawezekana si hivyo. Hilo linaamuliwa na karatasi ya maabara peke yake, na ningependa fedha mnazobishania zianze hapo.

Basi mfanyeje? Kama ningekuwa mjumbe wa kikao chenu, ningependekeza ratiba ya maabara ibaki ilivyo, na setilaiti itumike kuamua ni lini na wapi chupa ichotwe. Mara nyingi sampuli huchotwa siku ambayo gari limepatikana, tena kutoka kwenye ukingo ulio karibu na barabara. Ramani ikionyesha kwamba upande wa korongo umebadilika ghafla ukilinganisha na mwezi uliopita, chukueni chupa moja pale na nyingine karibu na mahali mnapochotea. Kilicho na maana katika picha ni mabadiliko ya bwawa lilelile, kwa kanuni ileile, kutoka tarehe hii hadi tarehe ile. Namba yenyewe, wala rangi yake, msiipe uzito mkubwa mpaka mtakapokuwa na vipimo vyenu vya kuilinganisha nayo.

Na vipimo hivyo mnaweza kuanza kuvikusanya wenyewe. Kipo kifaa cha zamani kiitwacho sahani ya Secchi, kwa jina la padri Mwitalia Angelo Secchi aliyeijaribu baharini mwaka 1865. Ni duara la kipenyo cha sentimita 20, limegawanywa robo nne, mbili nyeupe na mbili nyeusi, likiwa na uzito chini na kamba katikati. Fundi bati wa kijiji ataitengeneza kwa mchana mmoja. Mnaishusha majini taratibu mpaka isionekane, mnaipandisha mpaka ionekane tena, na kina hicho mnakisoma kwa mafundo yaliyofungwa kwenye kamba kila sentimita 10. Maji yenye tope zito yataimeza kabla ya fundo la pili. Fanyeni hivyo siku setilaiti inapopita. Siku hizo zinajulikana, maana ikiwa imepita tarehe 3 itarudi tarehe 8, kisha 13. Fanyeni karibu na saa tano asubuhi, mahali palepale katikati ya bwawa, mkaandika tarehe, saa, kina, na kama jana yake mvua ilinyesha. Daftari la mwaka mmoja la namna hiyo litakuwa na thamani kubwa kwa kijana wenu, kwani atalinganisha namba za setilaiti na kina cha sahani na kupata kanuni ya bwawa lenyewe, isiyoazimwa kutoka kwenye maziwa ya ugenini.

Wakati huohuo, maji ya bwawa yasinywewe yalivyo, ramani iseme nini iseme. Tope lina madhara yake pia, kwa sababu vimelea hujificha nyuma ya chembe za udongo na klorini haivifikii. Shirika la Afya Duniani linashauri tope lisizidi NTU 5 (NTU ni kipimo cha uchafu wa tope katika maji) kabla ya kutia dawa, na vizuri zaidi liwe chini ya 1. Nyumbani maana yake ni kuyaacha maji yatulie, kuyachuja, ndipo yatiwe dawa au yachemshwe, kwa mpangilio huo.

Zipo hali ambazo hamtakiwi kusubiri picha wala jibu la mtu kama mimi aliye mbali. Mkiona utando wa kijani au wa buluu juu ya maji unaofanana na rangi iliyomwagika, hasa ukiwa umesukumwa na upepo kwenye ukingo mmoja, zuieni watu na mifugo siku hiyohiyo na mwiteni afisa afya na afisa mifugo. Wanaweza kuwa sayanobakteria, na baadhi yao hutengeneza sumu isiyoondolewa kwa kuchemsha. Kuchemsha huvipasua vijidudu hivyo na kuiachia sumu majini. Mwaka 2020 tembo zaidi ya 300 walikufa nchini Botswana, na serikali ya huko ikatangaza kwamba chanzo kilikuwa sumu ya sayanobakteria. Baadaye watafiti walirudi kwenye picha za setilaiti na kuona kwamba baadhi ya madimbwi ya eneo lile yalikuwa na mwani mwingi zaidi mwaka huo. Angalieni mpangilio wa mambo: picha zilisaidia kueleza msiba ulipokwisha kutokea, ilhali zilikuwapo muda wote na hakuna aliyekuwa akizitazama kwa kusudi hilo. Samaki wakielea, mifugo ikifa bila sababu inayoeleweka, nyumba kadhaa zikipata kuhara wiki moja, au uchimbaji wa madini ukianza juu ya korongo linaloingia bwawani, hizo nazo ni simu za kupigwa siku hiyohiyo, kwa zahanati na kwa RUWASA.

Mtakapochota sampuli ya vimelea, tumieni chupa iliyotakaswa mnayopewa na maabara, msiguse ndani ya kizibo, iwekeni kwenye boksi lenye barafu na ihakikishwe inafika ndani ya saa 24, ingawa mapema zaidi ni bora zaidi. Maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji ipo Dodoma mjini, hivyo kutoka Chamwino hilo linawezekana mkiondoka alfajiri. Pigeni simu kwanza mjue wanapokea siku gani, na waulizeni pia gharama ya kupima floraidi, nitrati na vimelea kwa pamoja.

Jambo la mwisho linahusu ile sahani. Mtu anayeishusha asimame upande wa kivuli ili mng'ao wa jua usimdanganye, na asiingie majini kwa miguu, kwa sababu mabwawa yetu yana kichocho. Kama hakuna mtumbwi, ishusheni kutoka juu ya tuta mahali penye kina, na mwandike kwenye daftari kwamba mlisimama hapo.